Naitrasi haiui injini, uhaba wa petroli ndio unaoua

Pistoni ikitoboka kwenye gari lenye naitrasi, yaani gesi ya mtungi inayopulizwa kwenye injini kuongeza nguvu, gesi ndiyo inayobebeshwa lawama. Gesi hiyo yenyewe haiwaki. Inacholeta ni oksijeni: kwa uzito, naitrasi oksidi ina oksijeni asilimia 36, hewa ya kawaida asilimia 23. Ndani ya silinda, joto likipanda sana, gesi inavunjika na kuachia oksijeni, na petroli nyingi zaidi inaungua. Tena hutoka kwenye jeti (tundu dogo la kupulizia) ikiwa majimaji, ikachemka kwa nyuzi 88 chini ya sifuri, hivyo hewa inayoingia inapoa na kuwa nzito.

Wajerumani waliifunga kwenye ndege zao katika Vita Kuu ya Pili, mfumo wa GM-1, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, injini isiyo na turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) imeshapoteza karibu asilimia 17 ya nguvu zake, na mtungi unatoa gesi ileile unayotoa Mombasa. Kwa anayetaka nguvu za sekunde chache bila kugusa ekzosi, hakuna njia rahisi kuishinda.

Lakini ni sekunde kweli. Hospawa (nguvu za farasi) 100 za ziada hula karibu nusu kilo kwa sekunde 10. Mtungi wa kilo 4.5 hauvuki dakika moja na nusu.

Hatari kubwa iko upande wa petroli. Chujio likiziba au pampu ikichoka, naitrasi inaingia na mafuta pungufu, injini inagonga (petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda), kingo za pistoni zinazoshika ringi zinavunjika, pistoni inayeyuka. Dalili huonekana mapema kwenye kaure ya plagi: chembe ndogo zinazometa, nazo ni aluminiamu ya pistoni. Ukiziona, acha hapohapo.

Injini ya kawaida ya silinda nne ianze na hospawa 50: taimingi (wakati wa cheche ya plagi) irudi nyuma nyuzi 2, plagi ziwe za aina ya baridi zaidi (inayopoa haraka) kwa daraja moja, mwanya wake upungue hadi milimita 0.8 au 0.9. Swichi iruhusu gesi pale tu pedali imekanyagwa mpaka mwisho na injini imevuka mizunguko 3,000 kwa dakika. Chini ya hapo petroli hutuama kwenye manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda), na moto ukirudi nyuma manifoldi inapasuka.

Joto la Pwani nalo si la kupuuza. Naitrasi ikipita nyuzi 36.4 haibaki majimaji hata chembe, na buti la gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam linapita hapo. Presha inapanda na vipimo vya jeti havina maana tena.

Kwa uwanja wa mashindano, naikubali. Kwa gari la kila siku, turbo ndogo iliyopangwa vizuri ni bora, maana haihitaji kujazwa. Anayeng'ang'ania mtungi apime kwanza presha ya petroli akiwa amekanyaga mpaka mwisho kwenye gia ya tatu. Ikishuka, abadili pampu kabla ya kununua chochote.