Fyuzi ikichomeka usikubali kuwekewa kubwa

Kuna hii tabia ya mafundi wa waya za magari hapa Nairobi na mimi nimechoka nayo kabisa. Fyuzi ikichomeka fundi haulizi imechomwa na nini, anatoa ya ampea 10 anaweka ya 30, na kama hana basi anakunja kipande cha waya ama ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara anashindilia hapo, redio inaimba, unalipa unaenda zako. Nimeona boksi ya fyuzi ya Probox moja hivi, mahali pa fyuzi nyekundu ya 10 pamefungwa uzi wa shaba, plastiki ya pembeni imekuwa kahawia na inanuka. Na huyo mtu alikuwa anabeba watoto wake na hiyo gari kila asubuhi!

Fyuzi kazi yake ni kulinda waya, sio redio. Waya nyembamba ukiipitishia stima imezidi uwezo wake inapata joto, plastiki inayeyuka, shaba inagusa bodi, na hapo ndio moto unaanzia. Watu hudharau betri ya volti 12 ati kwa sababu haikupigi shoti, lakini hiyo betri ikipigwa shoti yenyewe, yaani positivu iguse negativu moja kwa moja, inatoa mamia ya ampea.

Sasa chukua hizi spotilaiti tunazopenda. Taa 4 za wati 55 ni wati 220, gawanya kwa 12 unapata karibu ampea 18, halafu mtu anaziunganisha na waya ya taa za pakingi kupitia kaswichi kadogo kwa dashibodi. Hapana jameni. Hapo weka rilei (swichi inayowashwa na stima kidogo ndio ipitishe stima kubwa), waya nene kutoka kwa betri, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, sio kule nyuma kwa amplifaya vile wengi hufanya wakiweka muziki, maana kile kipande cha kati ya betri na fyuzi hakina kitu cha kukilinda. Mahali waya inapita kwa bati kuingia ndani ya gari lazima kuwe na raba, bati hukata pole pole gari ikitingika na barabara zetu mnazijua.

Ukienda Grogan, kule kwa spea za magari hapa Nairobi, kununua waya kwaruza na kisu kwanza. Ndani ikiwa nyeupe hiyo ni aluminiamu imepakwa shaba juu, inapata joto haraka, rudisha.

Silaumu mafundi peke yao, wengi kazi wanaijua vizuri sana, ni sisi wenye gari tunawasimamia tukiwaharakisha na kulia bei. Mpatie fundi muda atafute shoti na mita, mlipe huo muda. Na kabla aguse kitu atoe tamina ya negativu kwanza, ile nyeusi, na kurudisha iwe ya mwisho, kwa sababu akianza na ile nyekundu spana ikagusa bodi ni cheche hapo hapo juu ya betri, na betri ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka.