Mhafidhina Anahifadhi Nini?

Uchaguzi wa Marekani ukikaribia, redio zetu hurudia majina yaleyale: wahafidhina wa Republican, wapenda maendeleo wa Democratic. Msikilizaji hudhani vyama hivyo vilizaliwa na majina hayo.

Tarehe 14 Oktoba 1912, mjini Milwaukee, Theodore Roosevelt alipigwa risasi kifuani akielekea kuhutubia. Ni yuleyule aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 kwenda kuwinda. Hotuba nene aliyoikunja mfukoni na kikasha cha chuma cha miwani viliipunguza nguvu risasi. Akapanda jukwaani, shati lina damu, akasema kwa zaidi ya saa nzima. Alikuwa amewahi kuwa Rais kupitia Republican. Sasa aligombea kwa chama kipya cha Progressive, yaani wapenda maendeleo. Ilani yake ilidai kazi ya saa nane kwa siku, bima ya jamii na kura kwa wanawake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya malezi ya neno hilo ilikuwa nyumbani kwa Republican. Na chama hichohicho cha maendeleo, kwenye mkutano wake mkuu Chicago, kiliwanyima viti wajumbe weusi wa majimbo ya Kusini. Hilo linaniuma kila ninapolisoma.

Wanaosema majina haya hayana tena maana wana ushahidi mwingine. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi, ilipingwa na maseneta 27, na 21 kati yao walikuwa Democratic. Mmoja wao, Strom Thurmond wa South Carolina, alihamia Republican mwaka huohuo. Msimamo aliondoka nao. Alichokiacha ni kadi ya chama.

Wengine wanajibu kwamba uzi upo, nao ni ukubwa wa mkono wa serikali ya Washington katika uchumi. Tangu Rais Franklin Roosevelt wa Democratic alipoleta pensheni ya taifa mwaka 1935 hadi sheria ya afya ya 2010, iliyopita bila kura hata moja ya Republican, Democratic ndiyo imekuwa ikisukuma na Republican ikivuta breki. Hoja hii ina uzito, nami naikubali kwa sehemu kubwa.

Inapokwama ni kwenye ushuru wa forodha. Mwaka 1930, Rais Herbert Hoover wa Republican alitia saini sheria ya kupandisha ushuru. Ronald Reagan, rais wa miaka ya 1980 wa chama hicho, akahubiri biashara huria. Trump, mwaka 2018, akaweka asilimia 25 kwenye chuma cha pua kutoka nje. "Mhafidhina" limetoka kwenye kuhifadhi, basi mtangazaji atuambie kinachohifadhiwa. Seneta wa Republican anayetetea biashara huria leo anahifadhi mafundisho ya Reagan. Mwenzake anayeshangilia ushuru yuko karibu zaidi na Hoover. Kwenye taarifa ya habari ya jioni, wote wawili wataitwa wahafidhina.