Tasnifu Isiyosomeka Nyumbani

Mwaka niliosoma shahada ya uzamili ya habari na mawasiliano ya kimataifa London, basi langu lilipita kila asubuhi mbele ya Bush House, pale Aldwych. Hadi 2012 jengo hilo lilikuwa makao ya idhaa za dunia za BBC. Babu yangu hakuwahi kuliona, lakini sauti zilizotoka humo alizijua kama za majirani. Mawe ya redio yakiisha nguvu, aliyaanika juani barazani mpaka alasiri ili taarifa ya jioni isimpite.

Basi nilipopewa orodha ya vitabu vya muhula wa kwanza, nilimtafuta babu humo. Sikumkuta. Afrika ilikuwamo, lakini kama mahali pa kupelekewa habari tu. Cairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1954, BBC ikafuata 1957, Sauti ya Ujerumani 1963. Wazee waliozungusha mshale usiku kutoka stesheni hii hadi ile, wakilinganisha nani kasema nini na nani kanyamaza, walikuwa wakichambua habari za kimataifa kabla hatujazaliwa. Hilo lilistahili muhula mzima.

Tulilopewa ni wiki moja ya tume ya MacBride. Tume hiyo ya UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ilitoa ripoti yake 1980, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Elebe Ma Ekonzo wa Zaire. Hoja kubwa iliyoizunguka ilikuwa kwamba habari zinatoka upande mmoja wa dunia kwenda mwingine, na za huku hazifiki kule. Tanzania ilikuwa imeshaunda shirika lake la habari, SHIHATA, mwaka 1976. Mzozo juu ya hoja hiyo ukawa mojawapo ya sababu za Marekani kujitoa UNESCO mwishoni mwa 1984, na Uingereza mwaka uliofuata. Semina ilichangamka siku hiyo. Ila tulijadili nani anamiliki mitambo na mashirika, lugha hatukuigusa.

Mimi lugha ilinishika kwenye tasnifu. Maneno 10,000, kuhusu wanawake wa soko la samaki Tanga na redio wanazosikiliza. Mama mmoja, mikono imejaa magamba ya changu, aliniambia kuhusu kipindi cha asubuhi ambacho watangazaji huzungumza mambo ya chumbani wakati watoto wanakunywa chai: “Redio ile haina haya, mwanangu.” Nikatafsiri, nikaandika Kiingereza kitupu, nikafaulu.

Tangu hapo nina msimamo ambao siuachi. Anayefanya utafiti kwa Kiswahili aweke maneno ya watu kama walivyoyasema, ndani ya tasnifu yenyewe, tafsiri ifuate chini yake. Na kabla hajavaa joho, aandike toleo la Kiswahili la kurasa chache alirudishe kwa aliowahoji. Vyuo vinavyojiita vya kimataifa vinapaswa kulidai hilo kama vinavyodai fomu za maadili ya utafiti. UNESCO imeshaipa lugha hii siku yake, tarehe 7 Julai, lakini muuza samaki aliyenipa shahada yangu hakuweza kusoma hata aya moja ya alichonipa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Niliporudi niliketi wiki mbili nikaandika kurasa nane, nikazipeleka sokoni kwa mama yule. Akafuta mikono kwenye kanga, akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Akasimama.

“Hapa umeandika nimesema redio haina aibu.”

“Ndiyo, mama.”

“Mimi nilisema haya. Aibu ni mtu kaumbuka mbele za watu. Haya ni ile inayokuzuia usifike huko.”

Nilikuwa nimetafsiri kutoka kwenye Kiingereza changu mwenyewe, ambako neno moja linayabeba yote mawili. Sura nzima ya tatu nilikuwa nimeijenga juu ya neno hilo.