Mzigo Umeshuka

Mimi nauza vitenge, na duka langu ni simu. Asiyeijua biashara hii anadhani nachati tu. Mteja ukimchelewesha kidogo ameshahamia kwa mwingine! Kwa hiyo mwanangu wa miaka minne akija na "Mama, ona!", huwa nanyoosha kidole kimoja juu, macho yakiwa kwenye kioo: subiri. Akizidi kunivuta gauni, namalizia kwanza kurekodi sauti ya matangazo. Mtu akiuliza bei, "njoo inboksi." Maneno ni yaleyale kila siku, na kumbe mtoto alikuwa ameyashika kuliko sala ya kulala.

Akafariki mama mkubwa wa mume wangu, huko Kilosa. Walizaliwa wanne, wote wa kike, na mama mkwe wangu ndiye kitinda mimba. Tukaenda kuzika.

Asubuhi nikiwa uani nachambua mchele, wifi yangu, ambaye ni nesi wa kliniki ya watoto, akamsalimia mwanangu. Mtoto alikuwa ameokota rimoti mbovu, ameishika bapa mbele ya mdomo kama anataka kung'ata muhogo. Hakumtazama shangazi yake. Akanyoosha kidole juu.

"Wifi, huyu kafundishwa na nani?"

Nikakaa kimya, yeye akaanza somo. Eti kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, ambaye mwaka 1978 yeye na wenzake waliandika juu ya jaribio lao: mama anacheza na mtoto mchanga, halafu ghafla anaukausha uso, hacheki, haitiki. Mtoto anajaribu kumchekea, anatoa sauti, na akiona hola anageukia pembeni. "Ukiinamia simu, kwa mtoto uso wako ndio huo," akasema. "Wengine wanakuwa watundu ili uwaangalie. Wengine ndio hivi, wanakuiga."

Nikamwambia mimi uso wangu haukauki, kwenye simu nacheka vizuri tu.

"Unamchekea mteja," akajibu, akaendelea kupepeta.

Saa nane mchana gari lililobeba mwili likaingia. Vilio vikapanda mpaka mchungaji akainua mkono tunyamaze, tuombe. Pakawa kimya kabisa. Vijana wakalishika jeneza, wakalishusha taratibu.

"Wapendwa wateja wanguuu! Mzigo umeshuka!"

Ile "nguuu" ya kuvuta ni yangu kabisa, hata mgeni angejua mtoto ni wa nani. Alikuwa amesimama kwenye mkeka wa wafiwa, rimoti mdomoni, mbele ya wale dada wa marehemu waliojifunga khanga nyeusi. Nikamwashiria kwa mbali anyamaze. Akaninyooshea kidole. Halafu akawatazama bibi zake mmoja mmoja, akasogeza rimoti karibu zaidi:

"Wahi, wahi! Zimebaki tatu tu!"

Kijana mmoja wa upande wa kichwani alianza kutikisika mabega, jeneza likayumba, wenzake wakalidaka. Mchungaji akajifunika uso kwa Biblia, sijui alikuwa analia au anafanya nini. Mume wangu alisogea pembeni, asionekane tumekuja pamoja.

"Hakopeshwi mtu!" mwanangu akamalizia, akabonyeza kitufe, akatuma.

Wifi ndiye aliyemnyanyua akakimbia naye hadi nyuma ya jiko. Mimi miguu ilikuwa imegoma. Na haki ya Mungu, wakati ule ule simu yangu ikatetema kifuani. Sikuipokea, lakini niliijua ni oda.

Tuliporudi kutoka makaburini mama mkwe alikaa mkekani, macho bado mekundu, akamwita mjukuu wake. Nikajua leo ndiyo leo. Akamvutia karibu.

"Mume wangu, katika hizo tatu zilizobaki, mimi bei gani?"

Mtoto hakuinua uso kutoka kwenye rimoti.

"Njoo inboksi."