Usingizi Uliopotea Hutafutwa Asubuhi

Katika wiki ya pili baada ya Idi el Fitri ya mwaka juzi, nilisinzia juu ya karatasi za mtihani wa Kiswahili wa kidato cha pili, na kalamu nyekundu niliyokuwa nimeishika ikachora mstari mrefu uliokata jibu la swali la ngeli kutoka mwanzo hadi mwisho. Sikugundua. Mwenye karatasi, binti mmoja mpole anayekaa safu ya mbele, alinifuata ofisini siku niliporudisha karatasi, akaniamkia, kisha akauliza kwa adabu zote: "Mwalimu, mstari huu ni wa kosa gani?" Jibu lake lilikuwa sahihi. Nilimrudishia alama zake mbili nikasema kalamu iliteleza, na huo haukuwa uongo kabisa.

Chanzo cha yote kilikuwa mfungo, au tuseme namna sisi watu wa Tanga tunavyoziishi nyakati za usiku za mfungo. Baada ya futari na tarawehe, yaani kuanzia saa tatu usiku, ndipo mji unapochangamka: kahawa tungu inazunguka barazani, wazee wanacheza bao, moshi wa mishikaki umetanda barabarani, na mtu anayeaga saa nne kwenda kulala hutazamwa kama mgonjwa. Mimi nilikuwa nikilala saa sita au saa saba, naamshwa saa kumi kula daku, naswali alfajiri, kisha narudi kitandani kupata ule usingizi mtamu wa dakika chache unaokatwa na kengele ya simu. Na siku za Jumamosi na Jumapili, ambapo hakuna wa kuniita mstarini, usingizi huo wa pili ulikwenda hadi saa nne asubuhi. Usingizi wangu ukawa umekatika vipande viwili, na kile kikubwa kikaanza kusogea kidogo kidogo kuelekea mchana. Mwezi ulipoandama, tumbo lilirudi katika ratiba yake ndani ya siku mbili. Usingizi ulikataa. Nilipanda kitandani saa nne usiku, nikageuka ubavu huu na ubavu huu, na ilipofika saa nane nilikuwa bado naitazama feni bila kupata hata lepe.

Kila niliyemsimulia alinipa ushauri wa aina moja: lala mapema. "Mwanangu, kunywa maziwa ya moto, na hiyo simu uizime," aliniambia mama, na kuhusu simu alikuwa na haki. Mwalimu mwenzangu alinipendekezea vidonge vya mafua, vile vya zamani vinavyolevya, ambavyo kweli vilinilaza, ila asubuhi yake nilifundisha vipindi viwili nikiwa na ulimi mzito na kichwa kilichojaa pamba. Mwingine akaniambia nikeshe usiku mzima ili uchovu uniangushe kesho yake. Nilikesha, uchovu ukaniangusha saa kumi jioni, nikaamka saa sita usiku macho makavu kama ya bundi.

Maoni yangu, baada ya kuyapitia hayo yote, ni kwamba tunaukamata usingizi kwa upande usioshikika. Hakuna mtu anayeweza kujiamuru kulala, lakini kuamka, kwa msaada wa saa au wa jirani mwenye jogoo, kila mmoja anaweza. Tena kujilaza mapema kuna mtego ambao watu wengi hawaambiwi: saa mbili au tatu kabla ya muda ambao mwili umezoea kulala, ubongo huwa macho kuliko karibu wakati mwingine wowote wa siku, kana kwamba unakusanya nguvu za mwisho kabla ya kufunga duka. Mimi niliyekuwa nimezoea saa saba usiku nilikuwa nikijilaza saa nne, ndani ya kipindi hicho hicho, kisha nashangaa kwa nini mawazo yanakimbizana kichwani na kwa nini nimekumbuka deni la mwaka 2019.

Saa inayoongoza mambo haya si ya mkononi. Iko ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo neva za macho mawili hupishana, nayo ni kundi la seli zipatazo 20,000 zinazopiga mzunguko wa karibu siku moja zenyewe, hata pasipokuwa na jua. Mwaka 1962 Mfaransa kijana, mtaalamu wa jiolojia aitwaye Michel Siffre, alijifungia kwa miezi miwili ndani ya pango la Scarasson katika milima ya Alps, bila saa na bila kuambiwa tarehe. Alipotolewa tarehe 14 Septemba, yeye alidhani ni tarehe 20 Agosti. Kinachonivutia si kwamba akili yake ilipoteza siku 25, bali kwamba mwili wake haukupotea hivyo: aliendelea kulala na kuamka kwa mzunguko uliozidi saa 24 kwa takriban nusu saa tu. Hicho kidogo kinachozidi ndicho kiini cha taabu yetu, kwa sababu kwa watu wengi saa ya ndani ina tabia ya kuchelewa kidogo kila siku, na isiporudishwa nyuma huteleza kuelekea usiku wa manane, kisha alfajiri. Kuchelewa kulala ni kufuata mteremko. Kuwahi ni kupanda mlima. Ndiyo maana mwezi mmoja wa baraza unatosha kuiharibu ratiba ambayo wiki nzima ya maziwa ya moto haiwezi kuirekebisha.

Kinachoirudisha nyuma ni mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Mwanga uleule ukija usiku hufanya kazi kinyume: huichelewesha saa hiyo na kuzuia melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba giza limeingia. Tofauti ya nguvu kati ya mwanga wa nje na wa ndani ni kubwa kuliko macho yanavyotuambia, kwa kuwa macho yetu hujizoesha upesi. Nje, hata mawingu yakiwa yametanda, mwanga hufikia maelfu ya luksi, yaani kipimo cha nguvu ya mwanga, na jua kali la saa sita mchana hufika 100,000; sebule yenye taa usiku mara nyingi haizidi mia chache. Kwa hiyo mtu anayeamka saa kumi na mbili, akanywa chai sebuleni mapazia yakiwa yamefungwa, akaingia kwenye daladala na kutoka humo moja kwa moja hadi ofisi yenye dirisha moja lililozibwa na kabati, ameamka kwa miguu tu. Saa yake ya ndani haijapata habari.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna bahati ambayo hatuithamini. Mtu wa London, ambako mwishoni mwa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, huenda kazini gizani, na wapo wanaonunua taa maalumu ya kukaa mbele yake wakinywa kahawa. Tanga, tofauti ya kuchomoza kwa jua kati ya mwezi mmoja na mwingine haifiki saa moja kwa mwaka mzima. Dawa inapita mlangoni kila siku, bure, kwa wakati uleule.

Nikiwa mwalimu wa Kiswahili, naomba niruhusiwe neno moja la kazi yangu. Tunasema "usiku wa kuamkia Ijumaa", na tarehe zetu za misiba, mvua kubwa na harusi tunazitaja hivyo: usiku haupewi jina la siku iliyokwisha, unapewa jina la siku ambayo watu wataiamkia. Hata saa zetu hazianzi kuhesabiwa kutoka usiku wa manane. Jua likichomoza tunaanza na saa moja. Sidai kwamba waliozitunga hesabu hizo walikuwa na habari za seli za ubongo, lakini kwa jambo hili lugha yetu iko karibu na ukweli kuliko ile amri ya "lala mapema": anayetaka kuupanga usiku wake aanze na kuamkia.

Nilichofanya ni hiki. Nilichagua wakati mmoja wa kuamka, saa kumi na moja na robo, karibu na adhana ya alfajiri, na nikaapa kutorudi kitandani baada ya swala. Kati ya adhana na kuchomoza kwa jua niliacha taa kubwa zimezimwa, nikatumia taa ndogo ya jikoni peke yake, kwa sababu kwa mtu ambaye saa yake imechelewa sana, mwanga mkali unaokuja mapema mno unaweza kusomwa na ubongo kama mabaki ya jana usiku na kuzidisha kosa badala ya kulisahihisha. Jua lilipotoka nilitoka nalo: nilikunywa chai kibarazani nikiwa nimeelekea mashariki, kisha badala ya kupanda bodaboda nikatembea kwa miguu hadi shuleni, mwendo wa dakika 25. Usiku sikujilazimisha. Nilikaa kwenye kiti, taa zimepunguzwa, simu ikiwa chumba kingine, hadi kope zilipoanza kuanguka zenyewe. Siku za mwanzo hilo lilitokea saa sita na nusu, na nililala kidogo, na niliamka saa kumi na moja na robo vilevile.

Siku nne za kwanza zilikuwa mbaya, na simshauri mtu anayeendesha gari au mashine azianze katikati ya wiki ya kazi. Nilitembea kama mtu aliye ndani ya maji. Wakati huo kuna kitu kinachofanya kazi kwa faida yako bila wewe kukiona: kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni na kuzidisha njaa ya usingizi, na njaa hiyo ndiyo hatimaye inayouvuta muda wa kulala uje nyuma. Ukiila njaa hiyo mchana, umeharibu. Kailula sikuiacha, kwa kuwa nimekulia nyumba ambayo baba alijilaza kila baada ya adhuhuri, ila niliifanya ya dakika 20, kwenye kiti, na daima kabla ya saa tisa alasiri. Kahawa ndiyo iliyoniuma zaidi. Kafeini huizuia adenosini isisikike, na kwa watu wengi nusu yake huchukua saa tano hivi kutoka mwilini, maana yake kikombe cha barazani cha saa tatu usiku kinaacha nusu yake ikikesha nawe saa nane. Nikahamishia kahawa yangu saa mbili asubuhi, kwa mama anayeuza karibu na geti la shule. Marafiki wa barazani walinicheka, na bado wananicheka.

Jumamosi ya kwanza ilinishinda. Nilijiambia nimefanya kazi nzuri ya siku nne, ninastahili kulipwa, nikalala hadi saa nne asubuhi. Jumapili usiku nikawa tena na feni yangu. Jambo hili naliona kila mahali, kwa wanafunzi, kwa walimu, kwa watu wa maofisini: wiki tunaamka na jua, mwisho wa wiki tunaamka saa nne au tano baadaye, kisha Jumatatu tunaulaani mwili ambao tumeusafirisha kwenda bara jingine na kuurudisha bila kutoka mtaani kwetu. Saa ya mwili haisogei zaidi ya takriban saa moja kwa siku, na kwa wengi hata hiyo ni nyingi. Jumamosi ya pili mke wangu aliingilia kati. Alinikabidhi kikapu baada ya swala, akaniambia niende Deep Sea kwenye soko la samaki kabla changu hawajaisha, na kama nitaamua kulala hadi saa nne basi mchana tutakula maharage. Nilikwenda. Nimekuwa nikienda tangu hapo.

Haya hayamfai kila mtu. Mlinzi wa usiku na muuguzi wa zamu hawawezi kuambiwa waamke na jua wakati ndipo wanapotoka kazini. Wao wanahitaji giza la mchana, pazia zito na watu wa nyumbani wanaojua kunyamaza, na mwajiri ambaye habadilishi zamu kila baada ya siku mbili. Vilevile mtu anayekoroma hadi pumzi inakatika, au ambaye usingizi umemkimbia kwa miezi mingi pamoja na hamu ya chakula na ya maisha, aende hospitali; tatizo lake si ratiba. Mimi nazungumza na yule ambaye mwili wake ni mzima ila saa yake imesogezwa na mfungo, na mitihani, na safari, na likizo ndefu, au na simu.

Kwangu ilichukua siku kumi na tatu. Najua hesabu hiyo kwa sababu usiku wa siku ya kumi na tatu kulikuwa na mechi ya Ulaya iliyoanza saa nne, ambayo nilikuwa nimeisubiri wiki nzima na ambayo kwa ajili yake nilikuwa tayari kuvunja masharti yangu yote. Nilikaa sebuleni na shati la timu mwilini. Kipindi cha kwanza kilikuwa hakijafika nusu, timu zikiwa bado sare bila bao, macho yalipofumba. Matokeo niliyapata mstarini asubuhi kutoka kwa wanafunzi, na hayakuwa mazuri.