Panya, seli za ini na sumu inayopita bila kuonekana

Ukiwagusia watu wa maabara hapa Nairobi habari ya kupima sumu ya dawa kwa seli za ini la binadamu, jibu huwa lile lile: seli kwenye kisahani si mtu. Hazina utumbo, hazina figo, hazina damu inayozunguka wala kinga ya mwili. Panya angalau ana mwili mzima. Hoja hiyo ni ya kweli, na wanaoitoa wamefanya kazi hii miaka mingi. Ila huishia hapo, kana kwamba kuwa na mwili mzima kunatosha kumfanya panya awe shahidi wa ini letu.

Turudi mwaka 2004. Mahindi yaliota ukungu ghalani Makueni, Kitui na maeneo jirani. Watu 317 waliugua, 125 wakafa. Sumukuvu iliyowaua, yaani sumu ya ukungu huo (aflatoksini), huwa haijafikia ukali wake ikiwa bado kwenye punje. Ini lenyewe ndilo linaloigeuza: vimeng'enya vinavyojaribu kuivunja huzalisha kemikali kali inayong'ang'ania protini na DNA za seli. Panya mdogo (mouse kwa Kiingereza) naye anaigeuza vivyo hivyo, lakini ana kimeng'enya kingine kinachoidaka kemikali hiyo mara inapozaliwa na kuifunga isidhuru. Ndiyo sababu panya mdogo aliyekomaa huhimili viwango vya sumukuvu vinavyompa panya mkubwa (rat) saratani ya ini. Kwa Kiswahili wote wawili tunawaita panya, na wametupa majibu mawili yanayopingana. Kuhusu mlaji wa ugali kule Makueni, tungemsikiliza yupi?

Kisa kisichonitoka akilini ni cha fialuridini, dawa iliyotarajiwa kutibu homa ya ini aina ya B. Ilipimwa kwa panya mdogo, panya mkubwa, mbwa na nyani, na maini yao hayakuonyesha dalili ya kutisha. Mwaka 1993 wagonjwa 15 walianza kuimeza katika jaribio la taasisi ya afya ya taifa ya Marekani. Wiki kadhaa zilipita salama. Kisha maini ya 7 kati yao yakaanza kushindwa, na kusimamisha dawa hakukusaidia: 5 walikufa, 2 wakaokolewa kwa kupandikizwa ini jingine. Hakuna aliyefanya uzembe. Utaratibu ulifuatwa, aina nne za wanyama zilitumika, miili mizima. Baadaye ilijulikana kwamba mitokondria za binadamu, yaani vituo vya nishati ndani ya seli, zina mlango unaoiruhusu dawa ile kuingia, na za panya hazina. Na miaka mingi baadaye, seli za ini la binadamu zilizotunzwa kwa wiki kadhaa katika vibonge vidogo ziliionyesha sumu hiyo hiyo. Mwili mzima ulikosa jibu ambalo seli za binadamu zilikuwa nalo, mradi zipewe muda.

Hapo penye muda na aina ya seli ndipo wapinzani wana haki zaidi kuliko wanavyojua. Seli zinazotumika zaidi, kwa kuwa ni rahisi kukuza, ni za HepG2. Zilitoka kwenye uvimbe wa ini wa kijana wa miaka 15 kutoka Argentina, na zimegawanyika tangu miaka ya 1970. Vimeng'enya vyake vya kugeuza dawa ni hafifu mno. Ukizimwagia sumukuvu kisha uongeze rangi ya kupimia uhai, ile ya manjano ambayo seli hai huigeuza kuwa zambarau, waweza kuona zambarau iliyokolea na ukaandika kwamba seli ni nzima. Ni nzima kwa sababu hazikuigeuza sumu, basi hazikujiua. Seli za HepaRG, zilizotengenezwa Ufaransa, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Seli zilizotolewa moja kwa moja kwenye ini la mtu ndizo kipimo bora, lakini zikilazwa bapa kwenye kisahani husahau kazi yao ndani ya siku chache.

Kwa hiyo ninapozitetea seli, sitetei kila kisahani. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa vifaa vidogo vinavyopitisha maji ya lishe juu ya seli za ini la binadamu: katika dawa 27, vilitambua asilimia 87 ya zile zenye sumu, na hakuna dawa salama iliyosingiziwa. Tukumbuke kwamba kampuni inayotengeneza vifaa hivyo ndiyo iliyofanya utafiti. Desemba mwaka huo huo Marekani ilibadilisha sheria, kupima kwa wanyama kukaacha kuwa sharti kabla ya dawa kujaribiwa kwa watu.

Gharama ni kikwazo cha kweli. Seli zinataka naitrojeni ya maji, nyuzijoto 37 usiku na mchana, na stima isiyopotea.

Kinachonisumbua kuliko bei ni jingine: hizo seli ni za nani? HepG2 ni mtu mmoja, HepaRG ni mwanamke mmoja. Ilhali wagonjwa wetu wa kifua kikuu humeza dawa ya isoniazidi miezi sita, na wale ambao maini yao huivunja polepole ndio walio katika hatari zaidi ya kuumia. Waafrika wengi, kuliko Wazungu, wana aina ya kimeng'enya inayochelewesha kuvunjwa kwa efavirenzi, dawa ya virusi vya ukimwi. Panya wa maabara za Kabete hatakuambia hayo, wala kijana wa Argentina. Siku hizi damu kidogo ya mtu huweza kurudishwa kuwa seli shina, kisha ikaongozwa kuwa seli za ini zenye urithi wake. Bado hazijapevuka sawasawa na za mtu mzima. Hata hivyo benki ndogo ya seli hizo, kutoka kwa Wakenya wa jamii mbalimbali walioridhia kwa kuelewa, ndiyo ningeiombea fedha kabla ya banda jipya la panya, na ningeanza kwa kuzimwagia mitidawa inayouzwa mitaani kila siku.