Nikibonyeza Toka, niwe nimetoka kweli

Mama mweka hazina wa chama kimoja cha akiba na mikopo aliniuliza swali ambalo limenikaa moyoni. Hana kompyuta yake. Kazi za chama anazifanyia steshenari, palepale vijana wanapochapishia barua za kuomba kazi na kujazia fomu za mkopo wa chuo. Mashine ni moja, na kwa siku inakaliwa na watu wengi. "Mwanangu," akasema, "nikimaliza nikabonyeza Toka, si ndiyo nimetoka?"

Nilikuwa nimeitwa kuukagua mfumo wao. Nikamwomba muda kidogo nitazame. Baada ya nusu saa jibu lilikuwa hapana, na naliandika hapa kwa sababu mfumo ule haukutengenezwa na mzembe. Aliyeutengeneza ni kijana makini, anayeijua vizuri Flask (zana ya lugha ya Python ya kujengea mifumo ya wavuti), na alifuata mwongozo hatua kwa hatua.

HTTP, lugha ya mazungumzo kati ya kivinjari chako na seva (kompyuta inayohifadhi mfumo), haikumbuki mtu. Kila ombi linalofika kwenye seva ni mgeni anayebisha hodi kwa mara ya kwanza. Kuki, au vidakuzi kama zinavyoitwa kwenye tafsiri rasmi, zilibuniwa na Lou Montulli wa Netscape mwaka 1994 kuziba pengo hilo: seva inakupa kikaratasi, na kivinjari chako kinakionyesha kila unaporudi. Kazi yote iko kwenye kuamua kiandikwe nini.

Aliyewahi kutibiwa hospitali ya serikali atanielewa. Unapewa kadi yenye namba, faili linabaki masjala. Kadi ikipotea, namba inafutwa na aliyeiokota hana lake. Njia nyingine ni kukukabidhi faili zima ukae nalo nyumbani, kila ukurasa umegongwa muhuri, na daktari akiuona muhuri anaamini yaliyoandikwa bila kuwauliza watu wa masjala. Flask, usipoielekeza vinginevyo, inakupa faili. Rails, zana kama hiyo ya lugha ya Ruby, nayo ilianza kufanya hivyo tangu toleo la 2.0 mwaka 2007, na ni hadi toleo la 4 mwaka 2013 ndipo kuki zake za sesheni (kumbukumbu za mtu tangu aingie hadi atoke) zilipoanza kusimbwa, yaani kufichwa zisisomeke bila ufunguo. Zaidi ya miaka mitano muhuri ulikuwepo, bahasha haikuwepo.

Nilifungua kuki ya mama kwenye mashine yangu, kwa ruhusa yake. Ilianza na herufi eyJ. Ukiziona hizo tatu mwanzoni, karibu kila mara ni JSON (mpangilio wa kawaida wa kuandika data) iliyoandikwa kwa Base64, na Base64 haifichi kitu, inabadilisha mwandiko tu. Amri moja ikanitolea jina lake kamili, namba ya simu, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), cheo chake chamani, na mara ngapi amekosea PIN.

"Kaka, si imesimbwa hiyo?" kijana akauliza.

"Imetiwa saini tu, ndiyo ule muhuri, mdogo wangu. Kuibadilisha bila ufunguo haiwezekani. Kuisoma, anaisoma yeyote."

Akavuta kiti akakaa.

Kwanza tuliongea kuhusu namba ya NIDA. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake tangu 2019. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, namba ya utambulisho ya mama wa watu ina kazi gani ndani ya kivinjari cha steshenari? Iliwekwa pale ili ukurasa wa mkopo usilazimike kuiuliza kanzidata, ndiyo masjala ya mfumo. Kanzidata yenyewe iko kwenye seva ileile.

Hesabu ya PIN ndiyo iliyomuuma zaidi, kwa kuwa aliiweka kama ulinzi: ukikosea mara tatu, mfumo unakufungia. Nikanakili kuki ikiwa bado inasoma sifuri. Nikakosea PIN mara mbili, hesabu ikapanda. Nikairudisha ile kuki ya mwanzo, na seva ikanipokea kama mtu ambaye hajawahi kukosea, maana saini ya kuki kuukuu ni halali sawasawa na ya kuki mpya. Kwa mtindo huo ningejaribu PIN zote elfu kumi bila kufungiwa. Saini inathibitisha kwamba maneno hayajaguswa. Haisemi kama ndiyo maneno ya mwisho.

Kisha ufunguo, lile neno la siri ambalo seva inatilia saini. Ulikuwa umeandikwa ndani ya msimbo wenyewe, neno moja la Kiswahili lenye herufi nane, na msimbo ulikuwa GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, mahali pa wazi. Aliye na ufunguo anagonga mihuri yake mwenyewe. Nilijaribu kwenye nakala ya majaribio: nikabadilisha cheo kuwa mwenyekiti, nikatia saini, na mfumo ukanikaribisha kwenye ukurasa wa kuidhinisha mikopo. Hata msimbo ungekuwa umefichwa, neno la herufi nane lingekisiwa. Mtu anachukua kuki moja, anaenda nayo kwake, anajaribu orodha ya maneno usiku kucha kwenye kompyuta yake, na seva haisikii hata mlio. Waliosoma Express, zana nyingine ya kujengea tovuti, wanaijua "keyboard cat", ufunguo ulio kwenye mifano ya nyaraka zake. Kila mshambuliaji naye anaijua. Ufunguo utengeneze kwa secrets.token_hex() ya Python, upate herufi 64 zisizokisika, uuweke nje ya msimbo. Na uweze kuubadilisha: Flask 3.1 inakubali funguo za zamani kwa muda, ili wanachama wasitupwe nje wote siku unapobadilisha.

Sasa tuseme umefanya yote hayo. Ufunguo ni mrefu, kuki imesimbwa, NIDA imeondolewa. Swali la mama bado halijajibiwa.

Niliingia kama yeye, nikanakili kuki, nikabonyeza Toka. Ukurasa ukaandika kwa adabu: umetoka, asante. Nikafungua kivinjari kingine, nikabandika ile kuki, nikaburudisha ukurasa. Jina la mama likatokea juu kulia, na orodha ya wakopaji chini yake. Kitufe cha Toka kilikuwa kimekiambia kivinjari kitupe kikaratasi, basi. Seva yenyewe haikuandika popote kwamba mtu ametoka, kwa sababu haikuwa na mahali pa kuandika. Kwa mipangilio ya kawaida ya Flask, kuki iliyonakiliwa inaweza kuendelea kukubaliwa hadi siku 31 tangu ilipotiwa saini.

Nani atainakili? Machi 2023 chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips, yenye mamilioni ya wafuasi, ilitekwa baada ya mfanyakazi mmoja kufungua faili lililojifanya hati ya udhamini. Programu hasidi ilikomba data za kivinjari, zikiwemo kuki za sesheni, na wezi wakaingia bila nywila wala msimbo wa uthibitisho. Kuki ni uthibitisho kwamba hayo yote umeshayapita. Ikiwa watu wale waliozaliwa na kompyuta mkononi walipatikana, mashine ya steshenari inayochomekwa flashi za kila mpita njia itasalimika vipi?

Ndiyo maana msimamo wangu ni mmoja, nami nausema kila ninapoalikwa: mfumo unaogusa fedha za watu, matibabu yao au matokeo ya mitihani yao, usiweke sesheni ndani ya kuki. Weka namba tu, ndefu na ya bahati nasibu. Faili libaki masjala. PHP, lugha ya programu ambayo wengi wetu tulijifunzia na siku hizi tunaidharau, imekuwa ikifanya hivi miaka yote: mgeni anabeba PHPSESSID, data inabaki kwenye seva. Django, zana nyingine ya Python, nayo inaziweka sesheni kwenye kanzidata usipoiambia vinginevyo.

Kijana alileta hoja ya kasi, na ni hoja ya haki. Mwenye seva mia zilizotapakaa mabara matatu ana sababu ya kuogopa kuuliza masjala kila ombi. Chama chenye wanachama mia tatu na seva moja hakina. Kutafuta mstari mmoja kwa ufunguo wake ni kazi ndogo mno kwa kanzidata, wala hakuna mwanachama atakayeihisi.

Tukatengeneza jedwali moja. Ndani yake kuna heshi ya ile namba, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwayo na isiyoweza kugeuzwa kurudi (namba yenyewe hatuihifadhi, ili jedwali likiibwa lisimsaidie mwizi), mwanachama, muda wa kuingia, muda wa kutumika mara ya mwisho, na maelezo mafupi ya kifaa. Namba inabadilishwa kila mtu anapoingia upya. Dakika kumi na tano bila kazi, mstari unafutwa. Kuki yenyewe tukaipa HttpOnly ili JavaScript, msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari, isiiguse, Secure, ambayo Flask haiwashi yenyewe, ili isipite njia isiyo na usimbaji wa HTTPS, na SameSite ili tovuti nyingine zisiitumie kwa mlango wa nyuma. Hesabu ya PIN ikahamia kanzidata. Siku mbili za kazi, na kijana ndiye aliyeandika sehemu kubwa.

Nikarudia jaribio lile: nakili, Toka, bandika. Safari hii ukaja ukurasa wa kuingia.

Wiki mbili baadaye tulikaa na mama steshenari, nikamwonyesha ukurasa mpya unaoorodhesha mahali alipoingia. Mistari ilikuwa miwili. Mmoja ni wa pale tulipokaa. Wa pili ni simu ya mwanaye, aliyoitumia dakika chache kabla akiwa kwenye daladala, akaisahau. Akasoma saa iliyoandikwa, akaguna, akabonyeza Futa. Kisha akampigia mwanaye simu: "Hebu fungua ule mfumo wa chama. Unakuonyesha nini?"